Nyumba ya vigogo na chokaa: jinsi ya kujijengea, kuanzia Molo hadi Kakamega

Ukifika kwenye kiwanda chochote cha mbao kati ya Njoro, Elburgon na Molo, utakuta nyuma ya mashine milima miwili: mmoja wa unga wa mbao, mwingine wa vipande vya saipresi na paini ambavyo havikufaa kupasuliwa. Vyote huuzwa kwa bei ya kuni na vingi huishia jikoni. Mimi nikiviona naona nyumba inayoteketezwa. Vipande hivyo vikikaushwa vizuri na kujengwa kwa chokaa, hutoa ukuta mnene, wenye kuhifadhi joto usiku wa Julai kule Molo, ambao mtu na jamaa zake wanaweza kuusimamisha kwa mikono yao wenyewe.

Mbinu hii ni ya zamani. Huko Wisconsin nchini Marekani, Quebec nchini Kanada, na katika nchi za Skandinavia, kuna nyumba na maghala ya aina hii yaliyojengwa karne ya 19. Gogo hukatwa vipande vyenye urefu sawa na unene wa ukuta, kisha vipande hivyo, ambavyo hapa nitaviita vigogo, hulazwa kukingama na ukuta, kichwa kimoja nje na kingine ndani. Mota, yaani mchanganyiko wa mchanga, chokaa na saruji unaoshikanisha vigogo, haijazi unene wote. Huwekwa kanda mbili, moja upande wa nje na moja upande wa ndani, na katikati hubaki nafasi inayojazwa unga wa mbao mkavu. Nafasi hiyo ndiyo inayozuia joto lisitoroke. Ukiijaza saruji ili ukuta "uwe imara", umepoteza faida yote.

Ufundi wa kupanga utaujua ukiwa kazini, na ukuta wako wa pili utakuwa mzuri kuliko wa kwanza. Kinachoamua kama nyumba itadumu ni ukavu wa mti siku unapoingia ukutani, na maji kutoufikia tena baada ya hapo. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo hayo mawili.

Je, mahali pako panafaa?

Nyumba hii inafaa zaidi penye baridi na penye saipresi karibu: Molo, Kuresoi, Mau Narok, Elburgon, Njoro, Timboroa, Nandi Hills. Nakuru mjini, iliyo kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, bado utafaidika, hasa alfajiri. Ukishuka Kisumu kando ya ziwa, watu wanasumbuliwa na joto kuliko baridi, na mchwa hawana simile. Huko ningeanza na jiko au chumba cha wageni kabla ya kuingiza familia nzima. Tambarare za Kano zina udongo mweusi unaofura ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Ukuta wowote mzito juu yake unataka msingi uliochorwa na injinia, na gharama ya msingi huo inaweza kumeza yote uliyookoa kwenye ukuta. Kakamega na Vihiga mawe ya msingi hayakosi, ila mvua ni nyingi. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Huko paa litokeze zaidi.

Vibali vishughulikie mapema. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, unahitaji ruhusa ya kaunti kabla ya kujenga, na ramani iandaliwe na mtaalamu aliyesajiliwa. Maafisa wengi hawajawahi kuona ukuta wa vigogo, kwa hiyo usiende kuwaeleza habari ya kuni na chokaa. Waonyeshe fremu. Nguzo na boriti ndizo zinazobeba paa; vigogo vinajaza nafasi kati ya nguzo, kama tofali zinavyojaza ghorofa lenye nguzo za zege. Injinia akishaona kwamba uzito wa paa haupiti kwenye vigogo, mazungumzo huwa mepesi.

Mti: chagua ulio mwepesi

Watu wengi hudhani mti mgumu ndio bora kwa nyumba. Kwa ukuta huu ni kinyume. Mti mgumu na mzito husinyaa sana unapokauka, na ukikauka kabisa kisha ukanyeshewa, hufura kwa nguvu ya kupasua mota na hata kuusukuma ukuta nje ya nguzo. Kwa sababu hiyo sipendekezi mkaratusi, blugamu yetu, ingawa umejaa kila boma kuanzia Bahati hadi Bungoma. Utumie kwa nguzo na boriti, na uuache nje ya vigogo.

Saipresi ndiyo chaguo langu la kwanza: ni nyepesi, haisinyai sana, na kiini chake kinavumilia unyevu kuliko paini. Paini ni nzuri ikiwa imekauka na kutiwa dawa. Mgrevilea wa shambani, ule unaopandwa mipakani, unafaa ukipasuliwa na kupewa muda. Mtarakwa wetu wa asili ungeshinda yote, kwani nguzo zake hukaa ardhini miaka mingi bila kuoza, lakini ni mti wa asili na haukatwi ovyo katika misitu ya serikali. Ukipata nguzo kuukuu za ua la mtarakwa zinazong'olewa, nunua bila kusita.

Hakikisha muuzaji anakupa risiti, na kabla lori halijaondoka uwe na kibali cha kusafirisha kutoka kwa Huduma ya Misitu ya Kenya. Tangu ukataji miti katika misitu ya umma ulipopigwa marufuku 2018, na hata baada ya Rais kutangaza akiwa Molo, Julai 2023, kwamba marufuku hiyo imeondolewa, mzigo wa miti barabarani ni mzigo wa kuulizwa karatasi.

Kuna kitu kimoja usinunue hata ukipewa bure: vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani. Dawa yake ina aseniki, ambayo ni sumu. Usizikate kwa msumeno ukavuta vumbi lake, usizichome, na usilale katikati yake.

Unene wa ukuta na hesabu ya mzigo

Molo na Mau Narok jenga ukuta wa inchi 12. Nakuru mjini na nchi ya chini, inchi 9 zinatosha. Vigogo vyote viwe na urefu mmoja. Tofauti ya nusu inchi inavumilika upande wa nje, lakini upande wa ndani itakusumbua siku ya kupanga makabati. Tengeneza kipimo cha ubao chenye kizuizi mwishoni, kila gogo lipimwe hapo kabla ya msumeno kugusa.

Rundo la vigogo lililopangwa vizuri, lenye uso wa futi 4 kwa 8, yaani futi mraba 32, huzaa ukuta wa kama futi mraba 40, kwa sababu mota nayo inachukua nafasi. Tuseme nyumba yako ni futi 20 kwa 24, na ukuta una kimo cha futi 8. Mzunguko ni futi 88, uso wa ukuta futi mraba 704. Toa milango, madirisha na nguzo, tuseme 150, unabaki na kama 550. Zidisha kwa 0.8 upate 440. Hilo ni rundo lenye kimo cha futi 5 na urefu wa futi 88, mzunguko mzima wa nyumba yako. Ongeza kidogo, maana kila rundo lina vipande vilivyooza ambavyo huvioni mpaka uvishike.

Kukausha

Menya maganda yote. Chini ya ganda ndiko wadudu wanaotoboa mbao hutaga, na ndiko unyevu hujificha. Ganda hutoka kwa urahisi mti ukiwa mbichi. Ukingoja likauke utalibandua kwa patasi na machozi. Jembe kuukuu lililonyooshwa, au springi ya gari iliyonolewa, hufanya kazi vizuri kuliko panga.

Kisha kata vigogo kwa urefu wake kamili. Usikaushe gogo zima ukitumaini kulikata baadaye, kwa sababu mti hupoteza maji hasa kupitia vichwa vyake, na kigogo cha inchi 12 hukauka haraka kuliko gogo la futi 10. Vyenye kipenyo kinachozidi inchi 6 vipasue mara mbili au nne. Kilichopasuliwa hukauka upesi na hakichaniki ovyo ukutani. Acha vichache vya mviringo kwa uzuri. Mimi napenda ukuta wenye mchanganyiko, macho hayachoki.

Panga rundo juu ya mawe au mbao, lisiguse ardhi, mstari mmoja mmoja ili upepo upite, na ufunike juu tu kwa mabati. Usilizungushie karatasi ya nailoni pembeni, utaotesha ukungu. Kwa saipresi hesabu mwaka mmoja, kutoka kiangazi cha Desemba hadi kingine. Katika maeneo yenye ukungu na mvua kama Kuresoi, ongeza miezi. Wengi hushindwa hapa, kwa sababu mwezi wa nne vichwa vya vigogo huwa vimeshageuka kijivu na kupasuka, na mtu huona vimekauka. Nje vimekauka. Ndani bado.

Namna ya kujua ni kupima. Chagua vigogo vitano kutoka katikati ya rundo, viandike namba, na kila mwisho wa mwezi uvipeleke kwenye mizani, ile ile kila mara. Ya duka la nafaka inatosha. Andika uzito. Miezi ya kwanza utashangaa jinsi maji yanavyotoka. Uzito ukikaa pale pale miezi miwili mfululizo ya kiangazi, mti umefika.

Kabla ya kujenga, chovya vichwa katika maji ya moto yaliyoyeyushwa boraksi, halafu acha vikauke tena. Dawa hii huzuia ukungu, mchwa na wadudu wa mbao, lakini huoshwa na maji, kwa hiyo inafanya kazi tu chini ya paa linalokinga. Mafuta chafu ya injini, ambayo wengi hupaka nguzo za ua, usiyalete kwenye ukuta wa chumba cha kulala.

Msingi

Chimba hadi udongo mgumu, mwaga zege, jenga kwa mawe. Hayo fundi yeyote anayajua. Kuna mambo matatu ambayo hatayafanya usipomwambia.

La kwanza ni upana. Jiwe la inchi 9 halibebi ukuta wa inchi 12. Panga mawe mawili ya inchi 6 ubavu kwa ubavu, na kila kozi ya pili pitisha jiwe la kuyafunga pamoja.

La pili ni kimo. Kigogo cha kwanza kikae angalau inchi 18 juu ya ardhi, na Kakamega futi 2. Tone la mvua likigonga ardhi huruka na matope yake, na ukuta unaochafuka matope ndio unaooza kwanza.

La tatu ni mchwa. Juu ya msingi weka karatasi ya DPC, ile ya kuzuia unyevu usipande ukutani, kisha juu yake bati bapa linalotokeza inchi 2 kila upande na kukunjwa kuelekea chini. Mchwa anaweza kujenga njia yake ya udongo juu ya jiwe, lakini akifika kwenye bati lazima azunguke hadharani, nawe utaiona njia hiyo na kuivunja. Bati bila kukagua halisaidii.

Ukiwa Nakuru, kumbuka udongo wa majivu ya volkano hulegea sana ukipata maji, na kuna sehemu nyufa hufunguka ardhini baada ya mvua kubwa. Uliza majirani kabla ya kununua ploti, na maji ya paa yaende kwenye tangi au mtaro, yasimwagike kando ya msingi.

Fremu, halafu paa, halafu ukuta

Kwa ukuta wa inchi 12, simamisha nguzo za 4 kwa 4 mbilimbili, moja upande wa nje na nyingine upande wa ndani, zikiachana inchi 4. Zinalingana na kanda mbili za mota, na nafasi ya katikati inajazwa unga wa mbao kama sehemu nyingine ya ukuta. Jozi moja hadi nyingine isizidi futi 8, na kila pembe iwe na yake. Zifunge kwenye msingi kwa bolti au mikanda ya chuma iliyozikwa ndani ya zege.

Juu ya nguzo lalia boriti kuzunguka nyumba yote bila kukatika, na kila pembe weka mbao ya mshazari ya kuzuia fremu isiyumbe. Sisi tunaishi juu ya Bonde la Ufa. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la kipimo cha 6.9 lilipiga Subukia, katika kaunti hii hii ya Nakuru. Ukuta wa vigogo ni mzito, na kinachoushikilia ardhi ikitikisika ni fremu iliyofungwa vizuri na kitu kingine kidogo ambacho watu husahau: pigilia ubao mwembamba, inchi 1 kwa 2, wima katikati ya kila ubavu wa nguzo unaotazama ukuta, na mwingine chini ya boriti. Mota huushika ubao huo, ukuta hauwezi kuteleza nje ya fremu.

Sasa ezeka. Ndiyo, kabla ya kigogo hata kimoja. Paa litokeze futi 3 kila upande, na upande unaopigwa na mvua weka veranda. Ukishaezeka huna haraka tena. Unaweza kujenga ukuta mmoja Aprili na mwingine Agosti, vigogo vikiwa vimehamishiwa ndani ya nyumba yenyewe. Kwa kweli napenda kujenga wakati wa mvua chini ya paa kuliko Januari, kwa sababu upepo mkavu wa Januari hapa Nakuru hunyonya maji ya mota kabla haijashika, na inapasuka.

Mota

Kipimo kilichoenezwa na Rob Roy, mjenzi wa West Chazy, jimbo la New York, ni hiki: mchanga 9, unga wa mbao uliolowekwa 3, chokaa 3, saruji 2. Tumia chombo kimoja kwa vyote. Ndoo ndogo inatosha. Usiongeze saruji ukidhani unaimarisha. Mota yenye saruji nyingi hukauka upesi, husinyaa, na huachana na mti.

Unga wa mbao uwe wa saipresi au paini, wenye chembe nene za msumeno mkubwa, upitishwe kwenye wavu wa nusu inchi. Uloweke kwenye pipa usiku kucha. Kazi yake ni kuhifadhi maji na kuyaachilia polepole, ili mota ishike bila kupasuka. Ukiutia mkavu utafanya kinyume: utanyonya maji kutoka kwa saruji.

Chokaa inahitaji macho. Koru, upande wa Muhoroni, kumechimbwa chokaa kwa muda mrefu, na magunia yake yamejaa madukani. Lakini kuna chokaa ya shamba, ambayo ni mawe yaliyosagwa ya kupunguza asidi ya udongo, na kuna chokaa iliyochomwa na kuzimwa kwa maji, ya kujengea. Zote ni unga mweupe. Ya shamba haishiki kamwe. Weka kijiko kimoja kwenye sahani na ukamulie ndimu: ya shamba itatoa mapovu mengi, ya kujengea iliyo mpya itatulia au itoe machache tu. Fanya hivyo dukani kabla hujalipa.

Changanya vikavu kwanza hadi rangi iwe moja, kisha ongeza maji kidogo kidogo. Finyanga donge la kujaza kiganja, lirushe juu futi 3 na ulidake. Likivunjika, ongeza maji; likilala bapa mkononi, yamezidi. Likibaki donge, anza kazi. Vaa glavu za mpira, wewe na mtu wa mkono. Chokaa na saruji huunguza ngozi polepole, na mtu hugundua jioni vidole vikiwa vimeshachubuka.

Cha kujaza katikati kichanganye kando: unga wa mbao mkavu kabisa ndoo 12, chokaa ndoo 1. Chokaa hufukuza wadudu.

Kupanga

Weka kanda mbili za mota juu ya bati la msingi, kila moja inchi 4 kwa upana na inchi 1 kwa unene, na katikati inchi 4 tupu. Kwa ukuta wa inchi 9, iwe inchi 3 kila sehemu. Mwaga unga wa mbao katikati hadi ulingane na mota. Chukua kigogo, kilaze kikikanyaga kanda zote mbili, ukisukume kidogo na kukizungusha robo mzunguko ili mota ikishike. Kinachofuata kikae mbali nacho kwa upana wa kidole gumba. Vigogo visigusane kamwe, mahali popote. Vikigusana, mota haipiti kati yake, na hapo ndipo upepo na siafu watakapoingia.

Ukimaliza mstari, jaza mota kwenye mabonde kati ya vigogo, nje na ndani, halafu unga wa mbao katikati. Utaratibu huwa ule ule mpaka juu: mota, unga, kigogo. Mtu mmoja akae nje na mwingine ndani, waongee. Kila mmoja anaona kichwa kimoja tu cha kigogo, na kisipokaa sawa upande mmoja mwenzake ndiye atakayejua.

Vigogo vikubwa visikae vyote chini na vidogo juu, vitawanye. Mpasuko mkubwa wa kigogo uelekeze chini, usikusanye maji. Kila baada ya mistari michache tumia timazi na pima maji, na usipande zaidi ya futi 3 kwa siku, mota mbichi isije ikaminywa. Unapoacha jioni, acha ukuta ukiwa ngazi, ili kazi ya kesho iungane vizuri.

Saa chache baadaye, mota ikiwa imekaza lakini bado inapokea alama ya ukucha, rudi na kijiko cha chai kilichopindwa shingo. Sugua kila kiungo, ukiminya kwa nguvu mpaka mota iwe laini na iingie ndani robo inchi kuliko uso wa vigogo. Kazi hii inachosha kidole na ni rahisi kuiruka. Usiiruke. Kusugua ndiko kunakobana mota dhidi ya mti, kunafunga vitundu, na kunafanya maji yateleze. Ukitaka kujua kama ukuta ulijengwa na mtu anayejali, tazama viungo vyake.

Kisha ning'iniza magunia mabichi pande zote mbili na uyanyunyizie maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima.

Chini ya boriti kutabaki pengo. Chana vigogo vyembamba, vipachike kwa mota huku mwenzako akishikilia upande wa pili, na uhakikishe mota imeushika ubao ulioupigilia pale juu.

Milango na madirisha ni maboksi ya mbao za inchi 2 zenye upana wa ukuta, yakipigiliwa ubao ule ule wa kushika mota. Yaweke kabla ya kupanga. Mabomba ya nyaya za umeme yapitishe kando ya nguzo, siyo katikati ya unga wa mbao. Ukipenda mwanga wa rangi, chupa mbili zilizounganishwa midomo kwa utepe na kufikia urefu wa kigogo hukaa ukutani bila shida.

Ukitaka kupunguza saruji

Watu wa Kakamega, Vihiga na Siaya wamekandika kuta kwa udongo vizazi na vizazi, na ujuzi huo unafaa hapa. Badala ya mota ya saruji unaweza kutumia udongo mwekundu, mchanga, na majani makavu yaliyokatwakatwa, ukikanyagwa kwa miguu hadi ushikane. Udongo ukipasuka ukikauka, ongeza mchanga na majani. Ukimomonyoka kwa kidole, ongeza udongo. Jenga kipande cha majaribio cha futi 3 na ukiache wiki tatu kabla ya kuamua. Nje siliba udongo huo kwa chokaa na mchanga, vichwa vya vigogo vibaki wazi. Ukuta wa namna hii ni wa bei nafuu sana, lakini unahitaji veranda pande zote, na unahitaji mtu wa kuusiliba tena kila unapochubuka.

Baada ya kuhamia

Mwaka wa kwanza vigogo vitaendelea kusinyaa kidogo na utaona ufa mwembamba kuzunguka baadhi yake. Hiyo ni kawaida. Ngoja mpaka mwisho wa kiangazi cha pili, nyufa zikiwa zimefika mwisho wake, ndipo uzizibe kwa silikoni ya madukani au kwa chokaa laini iliyochanganywa na gundi ya mbao. Ukiziba mapema utaziba mara mbili.

Usipake vanishi vichwa vya vigogo upande wa nje. Unyevu unaoingia lazima upate njia ya kutoka, na vanishi huufungia ndani. Viache vigeuke kijivu, au uvipake boraksi tena vikiwa vikavu.

Kila Februari, kabla ya mvua ndefu, zunguka nyumba na tochi. Kagua bati la msingi kwa njia za mchwa, ondoa majani na udongo uliorundikana kando ya jiwe, na hakikisha hakuna aliyeegemeza kuni kwenye ukuta. Gonga vigogo vya chini kwa nyundo: kizima hutoa sauti kavu, kilichoanza kuoza hutoa sauti nzito. Kilichooza hutobolewa kwa keekee, kikachokolewa kwa patasi, na kingine kikavu kikaingizwa mahali pake na mota mpya, bila ukuta kuguswa kwingine.